Kabla ya Kutia Saini: Mwongozo Kamili wa Kuamua Matibabu Pamoja, kwa Wagonjwa na Jamaa wa Lamu

Babangu alikuwa fundi wa mashua, Matondoni. Kisukari kilikwisha kumla hisia za miguu, basi msumari wa karakanani ulipomtoboa kidole hakuusikia. Alipoiona damu kwenye ndara, kidonda kilikuwa na siku tatu.

Tulivuka naye hadi Mokowe, tukapanda gari mpaka hospitali moja ya bara. Daktari alituita nje ya wodi: mimi, ndugu zangu wawili na ami yetu. Alisema vidole viwili vimeoza na vikatwe usiku uleule. Ami akatia saini. Tukarudi kitandani, tukamwambia baba anapelekwa "kusafishwa kidonda". Alipozindukana aliitazama bendeji, akatutazama mmoja mmoja, akauliza: "Kwani nilikuwa nimekufa, mkanirithi mguu?"

Vidole vile vilikuwa vya kukatwa, sina shaka. Lakini baba aliacha kwenda kliniki karibu mwaka mzima, kwa kuwa hakumwamini tena mtu yeyote aliyemwambia "ni kitu kidogo tu". Mwaka huo sukari ilimharibu macho. Daktari alikuwa na kosa lake, na sisi wanawe tulikuwa na kubwa zaidi: tulimpenda, tukamsemea, hatukumuuliza. Haya ninayoyaandika ndiyo ningetamani mtu atuambie tukiwa bado gatini.

Kwanza, jueni nani anajua nini

Daktari anaujua ugonjwa: unavyokwenda, dawa ipi inausimamisha, upasuaji upi una madhara gani. Mgonjwa anayajua maisha yake: kazi yake, maumivu anayoweza kuyavumilia, anachokiogopa kuliko kifo. Jamaa wanajua nani atalala naye hospitalini, nani atamfunga kidonda nyumbani, na boti ya kutoka Faza au Kizingitini inagharimu kiasi gani kila anaporudi kliniki. Uamuzi uliokosa moja katika hayo matatu una tundu, na maji yataingia tu.

Tena hili si hisani ya daktari. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, njia za matibabu zilizopo, faida, hatari na gharama za kila njia, na haki yake ya kukataa pamoja na yatakayofuata akikataa. Inataka pia maelezo yatolewe kwa lugha anayoifahamu mgonjwa na kwa kiasi cha elimu yake. Kwa hiyo bibi wa Siyu akisema "mwanangu, nieleze kwa Kiswahili, polepole", anadai alichopewa na sheria.

Pili, tenganisheni dharura na jambo la kushauriana

Mama anavuja damu baada ya kujifungua, mtoto anapatwa na degedege, mtu amepondwa kifua na gari: hapo hakuna kikao. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura, na sheria inamruhusu daktari kutibu bila idhini pale ambapo kuchelewa kunaweza kuua au kuacha ulemavu wa kudumu. Muacheni afanye kazi.

Kuna maradhi mengine ambayo njia yake ni moja na iko wazi. Mtoto mwenye nimonia anahitaji antibiotiki. Mnachoshauriana hapo ni namna ya kuzimaliza dawa.

Ila yako mengi ambayo njia ni mbili, tatu au zaidi, na iliyo bora inategemea mtu mwenyewe. Busha lisilouma likatwe sasa au lingojee? Mama aliyezaa kwa upasuaji ajaribu kuzaa mwenyewe safari hii? Tezi dume inayosumbua mkojo itibiwe kwa dawa au kwa kisu? Kidonda cha kisukari kisafishwe na kufungwa kwa wiki kadhaa au kidole kikatwe? Figo zilizoshindwa je? Haya ndiyo ya kukalia.

Swali la kwanza la kumuuliza daktari, kabla ya jingine lolote, ni hili: "Tuna muda gani?" Sisi hatukuliuliza. Kidole kilichokauka na kuwa cheusi bila usaha mara nyingi kinaruhusu siku za kufikiri. Kidole kinachotoa maji na harufu, mguu umevimba na mgonjwa ana homa, hesabu yake ni saa. Ukijua kama unazo saa 2, siku 2 au miezi 2, utajua kama unaweza kumngoja ndugu aliye Mombasa au la.

Tatu, jitayarisheni kabla ya kupanda boti

Mgonjwa mwenyewe achague nani atafuatana naye chumbani. Asiwe lazima mkubwa wa ukoo. Awe mtu anayejua kusikiliza, anayeweza kuandika, na ambaye mgonjwa haoni haya kuzungumza mbele yake. Mama yangu alimchagua binti ya dada yake, msichana wa miaka 22, na watu wazima wakanuna. Alichagua vizuri.

Tieni dawa zote katika mfuko mmoja: za hospitali, za duka, na za miti. Semeni pia kama mgonjwa amekunywa kombe au ameumikwa. Najua wengi wetu hulificha hili kwa kuogopa kukaripiwa. Lakini kuna mitishamba inayoshusha sukari na inayozidisha utokaji wa damu, na daktari asiyejua atapima dawa yake kwa mtu ambaye siye.

Kisha, usiku wa kuamkia safari, kaa na mgonjwa peke yenu umuulize mambo mawili. La kwanza: "Ukiambiwa jambo zito, ungependa ulisikie wewe, au nilisikie mimi kwanza?" La pili: "Ni kitu gani hutaki kikupotee?" Baba angejibu: kusimama mwenyewe kwenye msala. Jibu kama hilo daktari hawezi kulisoma kwenye kipimo chochote, nalo linaweza kubadilisha mpango mzima wa mguu.

Nne, chumbani kwa daktari

Hapa ndipo mambo mengi huharibika, nami nitakaa kidogo.

Sisi watu wa pwani tumelelewa kwa adabu. Mzee wa Lamu akiambiwa jambo na daktari atajibu "naam". "Naam" yake ina maana nimekusikia, haina maana nimekubali. Na kuna "inshallah" mbili: ya mtu aliyeazimia kweli, na ya mtu anayetaka kuondoka bila kumvunjia heshima aliye mbele yake. Daktari aliyetoka mbali anazihesabu zote kuwa ndiyo, anaandika tarehe ya upasuaji, na siku ikifika mgonjwa hayuko. Anaitwa mkaidi. Hakuwa mkaidi, hakuulizwa akajibu.

Kwa hiyo mgonjwa, au yule aliyemchagua, aulize kwa mdomo maswali haya:

– Ugonjwa wangu unaitwaje, na uko wapi sasa?
– Njia zilizopo ni zipi, na za hapa Lamu ni zipi?
– Kila njia itanisaidia nini, na itaniumiza vipi?
– Tusipofanya lolote kwa sasa, kutatokea nini?
– Wewe daktari unapendekeza ipi, na kwa nini hiyo?

Usiliruke la nne. Kuna wakati kungoja kwa kuangalia ni matibabu halali, na kuna wakati ni kujimaliza. Daktari ndiye wa kukwambia. Na la tano usilionee haya. Kushauriana hakumwondolei daktari wajibu wa kutoa rai. Daktari anayekuorodheshea njia nne kisha akasema "chagueni wenyewe" amekutupa, sawasawa na yule asiyekueleza chochote.

Akisema "hatari ni ndogo", muombe hesabu: "Kati ya watu 100 walio kama mimi, wangapi hupatwa na shida hiyo?" Neno "ndogo" kila mtu ana lake. Na akisema dawa "inapunguza hatari kwa nusu", uliza nusu ya ngapi. Kutoka watu 40 kwa 100 hadi 20 ni jambo kubwa. Kutoka 2 hadi 1 nako ni nusu, lakini huenda usitake kumeza vidonge kila siku kwa ajili ya mmoja huyo. Njia zote zihesabiwe kwa 100, za kupona na za kudhurika, ili uzilinganishe.

Kuna kesi ya Uingereza ambayo kila daktari na kila mama angefaa kuijua. Nadine Montgomery wa Uskoti alikuwa na kisukari na umbo dogo, na mwaka 1999 alikuwa na mimba ya mtoto mkubwa. Mama mwenye kisukari ana uwezekano wa asilimia 9 hadi 10 wa mabega ya mtoto kukwama wakati wa kuzaa. Daktari wake hakumweleza, kwa fikira kwamba akina mama wakiambiwa watachagua upasuaji. Mabega yalikwama, mtoto akakosa hewa, akazaliwa na ulemavu. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilimpa haki: hatari ya kuelezwa ni ile ambayo mtu aliye katika hali ya mgonjwa huyo angeiona ina uzito, hata kama daktari mwenyewe haioni kubwa. Mama wa Lamu mwenye kisukari ana uzazi uleule na mabega yaleyale ya mtoto.

Kabla ya kutoka, sema: "Daktari, ngoja nikurudishie nilivyoelewa, unisahihishe." Eleza kwa maneno yako. Mtihani hapo ni wa maelezo ya daktari, wala si wako. Mara nyingi ndipo inapogundulika kuwa "kutoa kipande kidogo kwa ajili ya kipimo" kumesikika kama "kutoa titi".

Tano, kikao cha nyumbani

Sisi hatuamui peke yetu, na sioni aibu kulisema. Mgonjwa aliyetengwa na watu wake ili "awe huru" hupata upweke tu. Kikao ni kizuri, bora kiendeshwe vyema.

Mgonjwa azungumze wa kwanza. Akizungumza mwisho, baada ya ami na kaka mkubwa kusema yao, atafuata walilosema. Aliyekuwa chumbani asome alichoandika, kisha watu wamuulize yeye, wasibuni. Mchangiaji wa fedha ashukuriwe, lakini fedha zake zisimnunulie kauli ya mwisho. Na kama dada zake mgonjwa ndio watakaomuogesha na kumgeuza kitandani, wasikae jikoni wakati wanaume wanapanga kazi hiyo barazani.

Kuhusu wanawake nitasema waziwazi. Mwanamke mtu mzima mwenye akili timamu anajitilia saini mwenyewe. Sheria haimtaki angojee mume aliye baharini ndipo afanyiwe upasuaji wa kuzaa. Kushauriana na mume ni jambo jema, na mume mwema atashukuru kuulizwa mapema, mimba ikiwa ya miezi saba, siyo usiku wa uchungu kwa simu isiyoshika mtandao. Kaeni mzungumze mapema: ikibidi kisu, ikibidi kuongezwa damu, ikibidi kuvushwa kwenda bara, jibu ni lipi?

Halafu lile la kuficha. "Msimwambie ana saratani, atavunjika moyo." Nimelisikia katika nyumba ngapi! Huruma iliyomo ni ya kweli. Lakini mgonjwa huona: sauti zinazokatika anapoingia, wageni wanaokuja kwa wingi ghafla. Anabaki kuogopa peke yake, na pengine ana deni la kulipa, wasia wa kuandika, mtu wa kumuomba radhi. Njia ya haki ni lile swali la usiku wa safari. Akisema "sitaki kujua, ongeeni na mwanangu", hiyo pia ni hiari yake na iheshimiwe. Akisema anataka kujua, hakuna aliye na ruhusa ya kumzuia. Siri ya ugonjwa ni yake yeye.

Sita, andikeni nani atasema mgonjwa asipoweza kusema

Sheria ileile ya 2017 inamtambua mtu aliyeteuliwa na mgonjwa kwa maandishi atoe idhini kwa niaba yake wakati hajiwezi. Wachache sana wanalitumia, na matokeo yake ni ugomvi kwenye korido ya hospitali baina ya mke na ndugu wa mume. Karatasi moja inatosha kuanzia: jina la mgonjwa na namba ya kitambulisho, jina la aliyeteuliwa, mambo anayoyataka na asiyoyataka, tarehe, saini, na mashahidi wawili. Nakala moja iingie kwenye faili la hospitali, nyingine akae nayo aliyeteuliwa. Iandikwe mtu akiwa mzima, kwa mfano kabla ya Hija au kabla ya upasuaji wowote. Kuiandika hakuleti mauti, kama vile wasia usivyoyaleta.

Saba, pigeni hesabu ya safari na fedha

Rufaa kutoka Lamu kwenda Mombasa, Makadara, yaani hospitali kuu ya rufaa ya Pwani, ni maji hadi Mokowe, kisha barabara ya Witu, Garsen na Malindi, zaidi ya kilomita 300. Safari hiyo ni sehemu ya matibabu, basi itajwe mbele ya daktari. Muulizeni: vipimo vipi vinaweza kufanyika hapa ili twende mara moja? Kliniki za kurudia zinaweza kuunganishwa siku moja? Tukirudi nyumbani, nani wa kumpigia?

SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, iliichukua nafasi ya bima ya zamani, NHIF, tarehe 1 Oktoba 2024. Hakikisheni mgonjwa amesajiliwa na michango imelipwa kabla hajaugua, na muulize ofisini nini kinalipiwa na nini mtatoa mfukoni, kabla ya kuamua.

Figo ndizo zinazoonyesha uzito wa hesabu hii. Kusafishwa damu kwa mashine huwa mara 2 au 3 kwa wiki, yapata saa 4 kila mara, maisha yote au mpaka apatikane wa kumtolea figo. Kijana wa miaka 30 huenda akahamia karibu na mashine na kuanza kutafuta figo. Mzee wa miaka 82 mwenye moyo dhaifu, wa Kiwayu, anaweza kuchagua asisafishwe, atulizwe pumzi, maumivu na uvimbe, abaki kwa wajukuu wake. Wote wawili wameamua sawa, mradi wameelezwa. Swali la mzee ni: "Nikikataa mashine, mtanitunza vipi?" Asikubali jibu la "basi nenda nyumbani" bila dawa wala mpango.

Nane, mfungo na dawa

Kila mwaka wenye kisukari hufunga kimyakimya kwa kuwa daktari alisema "usifunge" akafunga daftari. Mazungumzo haya yaanze wiki 6 hadi 8 kabla ya Ramadhani, yaani tangu Rajabu ikiandama hadi ifikapo katikati. Daktari apime hatari: anayetumia insulini mara nyingi kwa siku, mwenye figo mbovu, mjamzito, au aliyewahi kupoteza fahamu kwa sukari kushuka, huyo hatari yake ni kubwa. Kwa anayetumia vidonge pekee na sukari yake imetulia, mara nyingi saa za dawa hupangwa upya kati ya futari na daku.

Mkubaliane pia lini mfungo utafunguliwa: sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6 (kwa kipimo cha mmol/L), fungua papo hapo. Kujidunga kidole kupima hakufunguzi. Qur'ani yenyewe, Sura ya Al-Baqara, imempa mgonjwa ruhusa. Mwenye wasiwasi amhusishe shehe wake, na daktari akubali kuzungumza naye. Nimeona mzee aliyemkatalia daktari mara tatu akamkubalia imamu wa msikiti wake kwa dakika tano, na sukari yake ikasalimika.

Neno kwa madaktari na wauguzi wetu

Kaa kitako, ukisimama mlangoni mgonjwa hatauliza. Mtazame yeye, hata mwanawe akijibu. Omba dakika mbili na mgonjwa peke yake, useme ni utaratibu wako kwa wote ili jamaa wasihisi wameshukiwa. Kabla ya kusema unalopendekeza, uliza anaogopa nini. Na usimpe fomu ya idhini akiwa tayari kwenye machela ya kuingizwa chumba cha upasuaji.

Tisa, kukataa, kubadili nia, kulalamika

Mgonjwa ana haki ya kukataa, ya kutafuta rai ya daktari wa pili, na ya kubadili nia hata baada ya kutia saini. Akikataa, aelezwe matokeo, iandikwe, na aendelee kuhudumiwa kwa lile alilokubali. Muulizeni kwa upole sababu. Mara nyingi si upasuaji anaoukataa: anaogopa nusu kaputi, au hana wa kumwachia watoto, na hayo yana dawa. Kama kuna jambo baya limefanyika, anzeni na msimamizi wa hospitali kwa maandishi, kisha idara ya afya ya kaunti. La daktari mwenyewe hupelekwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno.

Lililoamuliwa liandikwe: tumeamua nini, kwa nini, na tutaliangalia tena lini.

Miaka kadhaa baada ya baba, mama yangu alipata mtoto wa jicho, macho yote mawili. Safari hii daktari alikuwa kijana aliyevuta kiti. Alimweleza kuwa watamtia ganzi jichoni bila kumlaza usingizi, watatoa lenzi iliyoingia ukungu na kuweka nyingine, na kwamba wachache hupata maambukizi ambayo yanaweza kuharibu jicho, basi asikae nayo nyumbani akiona uwekundu na maumivu. Mama aliuliza ni wangapi kwa 100. Daktari alisema ni chini ya mmoja. Akauliza kama anaweza kuanza na jicho la kulia tu, baada ya Maulidi, ili abaki na moja la kutembelea. Akaambiwa ndivyo wanavyofanya.

Karatasi ilipoletwa, muuguzi alinikabidhi mimi kalamu. Mama akanyoosha mkono. Akaisogeza fomu karibu na dirisha, akaandika jina lake kwa herufi za Kiarabu alizofundishwa chuoni, kutoka kulia kwenda kushoto, juu ya mstari wa mgonjwa.